Nyayo za Wapagazi katika Mji wa Bagamoyo

Imekuwa desturi siku hizi kwamba mgeni afikapo Bagamoyo, baada ya mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam, hupokewa na kijana mwongozaji, na kwa saa mbili au tatu hutembezwa kwa miguu kutoka jengo kongwe hadi jengo kongwe. Desturi hiyo ni njema, nasi twaiunga mkono, kwani mawe yasiyo na msimulizi hayachukui muda kugeuka kifusi. Sisi wenyewe tumeutembea mji huo mara nyingi, mara nyingine kwa kazi ya serikali iliyotupasa kufuatana na wageni, mara nyingine kwa hiari yetu tu, tukitafuta kivuli cha kutungia beti mbili tatu. Katika kurasa hizi twapenda kumtembeza msomaji kwa njia ileile wapitayo wageni, ila twaomba ruhusa ya kuanzia mahali tofauti, na sababu yake yatupasa kuieleza kwanza.

Miaka kadhaa iliyopita tulifuatana na kundi la wageni wa ndani ya nchi, na miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja wa Kinyamwezi, mtu wa upande wa Tabora, mwenye umri mkubwa na fimbo mkononi. Mwongozaji wetu, kijana wa Kizaramo mwenye ulimi mwepesi, alitusimamisha ndani ya ua wa ile nyumba ya misafara iitwayo Caravan Serai, akanyosha mkono akasema kwamba hapo watumwa kutoka bara walifungwa minyororo wakingoja majahazi. Aliisimulia habari hiyo kwa uchungu, na wageni wengine waliinamisha vichwa. Yule mzee hakuinamisha. Alimwacha kijana amalize, kisha akamwuliza kwa upole: "Mjukuu wangu, babu wa baba yangu alikuja hapa mara nne, na mara nne akarudi kwetu kwa miguu yake, na nguo za kumpa mkewe. Mtumwa hurudi?"

Kijana akanyamaza. Mzee, alipoona amemfadhaisha mwenzake, akamtania kama Wanyamwezi na Wazaramo walivyozoea kutaniana: "Basi ndivyo mlivyo ninyi Wazaramo. Zamani mlituuzia maji ya kisima, leo mwatuuzia habari zetu wenyewe." Watu wakacheka, kijana naye akacheka, safari ikaendelea. Lakini swali lile lilibaki nasi njia nzima, nalo ndilo lililotufanya tuandike haya.

Tuanze basi hapo hapo penye Caravan Serai, upande wa bara wa mji mkongwe, mahali ambapo leo pana kelele za mabasi na pikipiki. Mwongozaji wa kawaida huanzia pwani au misheni, kwa sababu wageni wa kigeni waliingia Bagamoyo kutoka baharini. Lakini walio wengi zaidi ya wote walioingia mji huu katika karne ya 19 hawakutoka baharini. Walitoka bara, kwa mguu, kwa safu ndefu ya mtu nyuma ya mtu, na huku ndiko waliko­tokea. Ua huu wenye kuta, vyumba pembezoni na jengo katikati, ambao ulifanyiwa matengenezo katika miaka yetu hii, ni kumbukumbu ndogo tu ya jambo kubwa. Wapagazi wengi hawakulala ndani ya kuta zozote. Walipiga kambi kandokando ya mji, katika vibanda vya nyasi na makuti, na msimu wa misafara ulipofika wageni hao waliwazidi wenyeji kwa idadi.

Mpagazi alikuwa nani? Alikuwa mtu huru aliyejiajiri kwa ujira. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, walioondoka kwao baada ya mavuno na kutaka kurejea kabla ya msimu wa kulima kupita. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, ukiwa pembe begani au mtumba wa nguo kichwani. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800 kwa njia za miguu, na msafara wenye mizigo ulihitaji kama miezi mitatu. Walipita nchi kavu ya Ugogo penye shida ya maji, walivuka mito bila daraja, walizika wenzao njiani. Baadhi yao walifuatana na wake zao, waliopika, waliobeba vyombo, na mara nyingine waliobeba na mizigo ya ujira. Katika Unyamwezi kijana ambaye hajafika pwani alichekwa na wenzake, hata posa yake ikawa na mashaka. Safari ilikuwa jando la pili.

Tena watu hawa walijua thamani ya kazi yao. Msafara ulikuwa na kirangozi wa kutangulia na kuonyesha njia, akiwa amevaa mapambo yake. Ulikuwa na wanyampara wa kusimamia makundi. Ulikuwa na kanuni za posho, za kupumzika, za nani abebe nini. Mwenye mali aliyevunja kanuni hizo aliweza kuamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na wenye mabega wamegoma, au wamekwisha kwenda zao. Yafaa tutaje hapa, kwa kuwa ni mambo ya lugha nayo lugha ndiyo kazi yetu, jinsi maneno ya misafara yalivyoteremka hadhi. Mnyampara, aliyekuwa kiongozi wa wenzake safarini, sasa ni mnyapara wa gerezani. Hongo, iliyokuwa ada halali ya kumpa mtemi kwa kupita nchi yake, sasa ni rushwa ambayo mtu huitoa chini ya meza. Njia ilipokufa, maneno yake yalibaki bila kazi ya heshima.

Tukitoka Caravan Serai na kuelekea baharini, tukumbuke kwamba ngome ndogo ya mawe iliyoko kwenye barabara hiyo, yenye matundu ya kutolea mitutu ya bunduki, ilijengwa mwaka 1889 na Wajerumani. Tutarudi kwenye habari ya mwaka huo. Kwa sasa twende hadi Mtaa wa India.

Mtaa huu ndio uti wa mgongo wa mji mkongwe. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti za mikoko. Nyingine zina baraza mbele na mlango wa nakshi, nyingine zimebaki ukuta mmoja ulioshikwa na mizizi ya miti. Hapa ndipo zilipokuwa duka za Wahindi, na hapa ndipo pembe ilipogeuka kuwa nguo. Kutoka bara zilikuja pembe za ndovu. Kutoka baharini zilikuja merekani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Pembe zilivushwa hadi Unguja, zikaenda Bombay, Ulaya na Marekani, zikawa vifungo na vikuku, mipira ya mchezo wa biliadi na vitufe vya piano. Mpagazi hakuiona hata siku moja piano hiyo, lakini bega lake lilikuwa na alama yake.

Katika mtaa huu hatuna budi kumtaja Sewa Haji, aliyezaliwa Unguja mwaka 1851 na kufa mwaka 1897. Huyu alikuwa tajiri wa Kihindi aliyewapatia wasafiri wakubwa wa Ulaya wapagazi na mali ya safari, na utajiri wake ulitoka katika mabega tuliyokwisha kuyataja. Lakini alikuwa tajiri wa namna ya peke yake. Alitoa nyumba yake ya ghorofa iwe shule, kwa sharti kwamba wasome humo watoto wa rangi zote, na hilo alilisema katika miaka ya 1890, mbele ya serikali ya kikoloni! Alitoa pia mali yake kwa hospitali, Bagamoyo na Dar es Salaam, hata leo jina la Sewa Haji linatajwa na wagonjwa na wauguzi wa Muhimbili ambao huenda hawamjui aliyekuwa nalo. Nyumba ya forodha iliyoko ufukoni, ya mwaka 1895, nayo ilijengwa na yeye akawapangisha Wajerumani. Kwa hiyo serikali iliyokuja kutawala ililipa kodi ya nyumba. Jambo hilo waongozaji hulisema kwa kicheko, nasi twaona wana haki ya kucheka.

Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1897, ni jengo ambalo kila mgeni hulipiga picha, kwa sababu ya matao yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu yake iliporomoka. Hatutakaa hapo. Ngome Kongwe iliyoko upande wa kusini ni ya zamani zaidi, ya mnamo miaka ya 1860, iliyojengwa na mfanyabiashara Mwarabu, ikaongezwa na Sultani wa Zanzibar, kisha na Wajerumani, ikatumika pia kuwa gereza. Humo husimuliwa habari ya njia ya chini ya ardhi ambayo watumwa walipitishwa hadi baharini. Tumeuliza mara nyingi tuonyeshwe mlango wa njia hiyo, na kila mara tumeonyeshwa mahali pengine.

Hapa msomaji asituelewe vibaya. Hatusemi kwamba Bagamoyo haikuwa na watumwa. Ilikuwa nao. Mateka waliletwa na baadhi ya misafara. Mashamba ya minazi yaliyouzunguka mji yalilimwa na watumwa. Majumba haya ya mawe yalikuwa na vijakazi waliochota maji na kutwanga. Mkataba wa mwaka 1873, uliofunga soko la Unguja na kukataza kusafirisha watu baharini, haukumwachia huru hata mmoja aliyekwisha kuwa mikononi mwa bwana wake bara, na utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Hayo ni lazima yasemwe, na yasemwe kwa ukamilifu. Lakini bandari kuu ya kuuza watumwa katika mwambao wetu ilikuwa Kilwa Kivinje. Bandari ya Bagamoyo kazi yake kubwa ilikuwa pembe, na pembe zilibebwa na wengi waliokuwa wameajiriwa. Kumwita kila mwenye mzigo mtumwa ni kumnyang'anya mtu ujira wake mara ya pili, tena akiwa kaburini.

Jina la mji wenyewe limekuwa uwanja wa ugomvi huo. Waongozaji husema kwamba Bagamoyo ni kilio cha mtumwa aliyeuacha moyo wake hapa kabla ya kuvushwa. Wengine husema ni pumziko la mpagazi aliyefika mwisho wa njia. Sisi, kama watu wa lugha, twaulizana hivi: katika Kiswahili, kubwaga ni kufanyaje? Ni kuangusha chini kilichokuwa kimebebwa. Mtu hubwaga mzigo, hubwaga kuni. Na kubwaga moyo, katika matumizi ya wazee, ni kuutuliza, kuupumzisha baada ya taabu. Mwenye huzuni Mswahili hamwambii kuwa amebwaga moyo. Humwambia moyo umemvunjika, au umemfa. Kwa hiyo twaegemea upande wa mpagazi, wala hatuoni kwamba kwa kufanya hivyo twamdhulumu mtumwa. Huenda mateka naye alilisikia jina hilo, akalitia maana yake mwenyewe. Majina ya miji hayana mwenyewe mmoja.

Pia tusisahau kwamba kabla ya wageni hawa wote mji ulikuwa na wenyeji. Washomvi ndio waliokuwa na majumbe wao hapa, wakiwa na mapatano yao na Wazaramo, na kandokando walikuwapo Wakwere, Wadoe na Wazigua. Na kabla ya Bagamoyo ilikuwapo Kaole, kilomita chache upande wa kusini, yenye magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo, ambayo msikiti wake mkongwe huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Kaole inastahili insha yake peke yake.

Sasa tufuate ufuko. Karibu na makaburi ya Wajerumani, yapatayo 20, yaliyotunzwa kwa usafi, pana nguzo ya ukumbusho mahali ambapo Waafrika walionyongwa na Wajerumani hao hukumbukwa. Makaburi yana majina, walionyongwa hawana. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipokuja kupandisha bendera yake na kutoza ushuru katika mwambao, watu wa Pangani, Saadani, Bagamoyo na kwingineko walikataa. Abushiri bin Salim na Bwana Heri bin Juma waliongoza vita hivyo. Serikali ya Ujerumani ikamleta Wissmann mwaka 1889, na askari wa kukodiwa kutoka Sudani na Msumbiji, akaivunja kambi ya Abushiri iliyokuwa karibu na Bagamoyo mwezi wa Mei. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Vita hivyo vilimpata mshairi wake, Hemed bin Abdallah el-Buhriy, ambaye utenzi wake kuhusu Wadachi na Mrima ulitungwa wakati damu ilikuwa bado mbichi. Twashangaa kwamba waongozaji wengi huweza kutaja dirisha ambalo Emin Pasha alianguka usiku wa tarehe 4 Desemba mwaka huohuo, katika karamu ya maofisa wa Kijerumani, lakini utenzi huo hawajausikia.

Kutoka hapo hadi misheni ya Wakatoliki ni mwendo wa nusu saa, na mwisho wake ni njia yenye miembe mikubwa pande zote mbili. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakaanzisha makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Hapo pana mbuyu ambao shina lake limemeza mnyororo, ukabaki umechomoza kipande tu. Tumewaona wageni wakiugusa mnyororo huo kwa machozi, wakidhani ni wa watumwa. Habari ya misheni yenyewe ni kwamba mnyororo huo ulifungwa na Bibi Chevalier, mwanamke Mzungu aliyekuwa akihudumia wagonjwa, ili amfunge punda wake. Mti ulikua, punda akafa, mnyororo ukabaki na kupewa historia isiyo yake.

Mahali hapo pana pia mnara uitwao wa Livingstone. Mwili wa msafiri huyo ulifikishwa misheni tarehe 24 Februari 1874, ukalala usiku mmoja kabla ya kuvushwa Unguja. Hiyo ndiyo habari ambayo kila kitabu cha wageni huisimulia. Lakini nani aliyeufikisha? Livingstone alifia kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1873. Chuma na Susi pamoja na wenzao, wanaume na wanawake, akiwamo Halima mpishi, waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kama mtumba, wakaubeba kwa miezi tisa hivi, zaidi ya kilomita 1,500. Walikuwa watu wa msafara. Hakuna aliyewalazimisha, bwana wao alikuwa amekufa, nao wangeweza kumzika pale na kwenda zao. Alipozikwa London mwezi wa Aprili 1874, Chuma na Susi hawakuwapo. Walipelekwa Uingereza baadaye, maziko yamekwisha. Mnara una jina la aliyebebwa.

Njia hiyo ilikufa polepole. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam, kwa kuwa maji ya Bagamoyo ni mafupi na meli kubwa zilitia nanga mbali na ufuko. Mwaka 1905 reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1912 ikafika Tabora, na mwaka 1914 Kigoma. Mabega yakakosa kazi. Bagamoyo ikabaki na samaki, nazi, misikiti yake, na baadaye chuo chake cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981. Tangu mwaka 2006 nchi yetu imeiorodhesha ile njia kuu ya pembe na watumwa, kutoka Ujiji hadi hapa, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, na twaomba wanaoandika maelezo yake wampe mpagazi sehemu inayomstahili.

Mwaka uliopita tulirudi Bagamoyo, tukamkuta yule kijana wa Kizaramo, ambaye sasa ana wanafunzi wake wa kuongoza wageni. Ameacha kuanzia pwani. Huwakusanya watu Caravan Serai, na hapo amekwisha weka gunia la mchanga la frasila mbili, lililoshonwa vizuri. Huwaambia wageni wanaotaka walibebe kwa zamu hadi Mtaa wa India, tena bila kutua. Tulimwuliza wangapi hufika. Akasema ni wachache, na kwamba wengi hulibwaga kabla ya kufika kona ya kwanza, wakashika viuno, wakamwuliza Tabora ni mbali kiasi gani.